Anayekufukuza Ataishia Wapi?

Mbwa wa jirani yetu pale Sigino alikuwa na mpaka. Nilipokuwa darasa la tatu tulipita mbele ya boma lile kila asubuhi tukienda shule, na kila asubuhi alitutokea kwa kishindo kana kwamba hajapata kutuona. Alikuwa mkubwa, sikio moja limekatika, na sote tuliamini kwamba atakayekamatwa naye hatabaki na mguu. Hata hivyo hatukubadili njia. Tulikimbia hadi mnyaa wa mwisho wa ua, tukaruka mfereji mdogo, tukageuka kumtazama. Naye akasimama papo hapo, akabweka mara mbili tatu kama anayemalizia sentensi, kisha akarudi kivulini. Ilikuwa hofu ya kweli, lakini tuliujua urefu wake.

Nyuki walikuwa habari nyingine. Nyuki mmoja hana uzito wa mbwa, lakini sikumbuki mtu mzima aliyewachukulia kwa mzaha. Kundi likichokozwa hufuata kwa mamia ya mita, na anayejitumbukiza majini hulikuta likimngoja juu. Babu alitupa agizo moja tu kuhusu nyuki, nalo halikuhusu namna ya kujiokoa: usikimbilie nyumbani. Nyumbani kuna mtoto mchanga, kuna bibi asiyeweza kukimbia, kuna mbuzi waliofungwa kamba. Kimbilia kichakani, peke yako.

Yamenirudia haya kwa sababu ya mpwa wangu. Likizo ya Desemba iliyopita nilikaa Sigino siku kumi, naye alikuwa hapo akisubiri matokeo ya kidato cha nne, simu mkononi kutwa nzima. Mimi ni katika wale wahadhiri waliowahi kusimama mbele ya darasa na kulaani michezo ya simu, na nilikwenda kukaa kando yake nikiwa na hotuba tayari kichwani. Nilichokikuta kikaninyamazisha. Kwenye kioo kilichopasuka kona moja, mtu wake alikuwa amesimama nyuma ya jiwe akilipiga mishale jitu lililomzidi mara tatu kwa kimo. Jitu lilimjia moja kwa moja, likagota kwenye jiwe, likabaki pale. Halikuwa na akili ya kuzunguka.

“Huyo mbona humkimbii?” nikamuuliza.

“Huyo hana shida, mjomba. Mkubwa tu, ila hajui kufuata. Wanaoua watu ni wale wachawi wadogo karibu na mji.”

Mchezo wenyewe ni Old School RuneScape, uliotolewa mwaka 2013 na kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza, ukiwa ufufuo wa toleo la zamani la RuneScape iliyoanza 2001. Tangu 2018 unachezeka kwenye simu. Ni miongoni mwa michezo ya mtandaoni ambayo mchezaji huvaa uhusika: unakuwa mvuvi, mchimba madini, mpiganaji au mchawi katika nchi ya kubuni, pamoja na maelfu ya wengine wanaocheza saa hiyohiyo kutoka pande zote za dunia. Nchi hiyo ina maadui wanaoendeshwa na kompyuta, na kila adui amewekewa kanuni za kufuata. Ana eneo lake. Ukimvuta mbali nalo hukuacha na kurudi. Ukikaa karibu naye kwa muda wa dakika kumi hivi, anakuzoea na hakushambulii tena, kama mbwa wa kijijini anavyomzoea mgeni wa wiki. Na kuna kanuni ya tatu, ambayo mpwa wangu aliitaja kwa wepesi lakini mimi ikanikaa moyoni: adui wengi wa huko hawamgusi mchezaji ambaye kiwango chake kimezidi maradufu ya kiwango chao. Mkubwa hupita katikati yao kama anayepita sokoni. Wale wachawi weusi walio kusini mwa mji wa Varrock hawamwoni kabisa. Wanamwona mgeni aliyeingia jana, ambaye hana kitu.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba tumezoea kuipima hatari kwa ukali wa adui, yaani meno yake, silaha yake au cheo chake, ilhali kinachoamua nani ataumia ni tabia yake ya kufuata. Anaanza kufuata kwa sababu gani? Anafuata mpaka wapi? Anapita katikati ya nani, na akikukosa anafanya nini? Wabunifu wa michezo wamelijua hili kwa zaidi ya miaka 40. Toru Iwatani wa Japani alipobuni Pac-Man, mchezo uliotoka mwaka 1980, hakuwapa wale mazimwi wake wanne nguvu tofauti. Wote wakikugusa unakufa. Aliwapa ufuataji tofauti. Mmoja hukuandama kisogoni, mwingine hulenga mahali unapoelekea, na wote kwa pamoja hukuacha kwa sekunde chache wakatawanyika kila mmoja kwenye kona yake, kisha wakaanza upya. Ondoa zile sekunde za kutawanyika, na mchezo uliopendwa na dunia nzima unageuka adhabu.

Lakini Pac-Man yuko peke yake katika vichochoro vyake. Swali linakuwa la kijamii pale palipo na watu wengine njiani, na mfano ninaouona mkubwa kuliko yote ni EverQuest, mchezo wa Kimarekani uliofunguliwa Machi 1999. Dunia yake iligawanywa katika maeneo yenye milango baina yake. Adui akishaanza kukufuata ndani ya eneo, hakuwa na kamba inayomvuta nyuma. Alikufuata mpaka mlangoni, na njiani wenzake nao waliamka wakajiunga. Mtu aliyekuwa akikimbia mmoja alifika mlangoni akiwa na ishirini nyuma yake. Wachezaji waliuita msafara huo treni. (Sisi wa Babati tusio na reli tungeuita vingine, lakini maana inaeleweka.) Mkimbiaji alivuka mlango akapona. Treni haikuweza kuvuka. Iligeuka ili irudi ilikotoka, na katika kurudi iliwakuta watu waliokuwa wamekaa karibu na mlango wakipumzika, wakifunga majeraha, wakisubiri wenzao. Hao ndio waliokufa. Na kufa katika EverQuest hakukuwa jambo la kucheka: ulipoteza sehemu ya ujuzi ulioukusanya kwa siku kadhaa, na maiti yako ilibaki pale ilipoanguka pamoja na mali yako yote, ukalazimika kurudi mikono mitupu kuitafuta miongoni mwa wale wale waliokuua.

Ndugu msomaji, tazama jambo hili vizuri. Aliyelichokoza kundi amepona. Walioumia hawakumchokoza mtu. Wala adui hakukusudia kuwafuata hao. Waliingia tu katika njia yake ya kurudi. Ukiutazama ukali wa adui peke yake hutaona kwa nini mahali pa hatari kubwa palikuwa mlangoni, mahali palipoonekana salama kuliko pote.

Watu wa EverQuest walizaa mila kutokana na hatari hii. Aliyekuwa na treni alipaswa kupiga kelele, akiandika kwa haraka maneno ambayo eneo zima lingeyasoma, ili walio mlangoni wavuke kabla yake au wasogee kando. Aliyekuja kimya alitengwa, jina lake likaenezwa, na kundi lolote lililotaka kusafiri salama halikumchukua. Hakuna aliyewatungia sheria hiyo. Nimewasikia wachezaji wakongwe wakiukumbuka wakati ule kwa mapenzi, na nawaelewa: adui asiye na mpaka aliwalazimisha kuwajua majirani.

Kisha likaja kizazi kingine. World of Warcraft, uliotoka Novemba 2004, ulimfunga adui wa kawaida kamba isiyoonekana. Ukimkimbia kiasi fulani bila kupigana naye, hugeuka na kurudi kwake, na wakati anarudi huwezi kumdhuru, na afya yake hujaa upya. Ubunifu huu umeigwa kotekote. Umewaokoa wengi walio mlangoni, lakini umeua kitu pia. Katika michezo mingi ya leo mchezaji hupita katikati ya kambi ya maadui bila kuwatupia jicho, akijua kwamba hatua arobaini mbele watamwacha. Simba wa huko ananguruma, lakini ngurumo yake imekuwa pambo. Sidai kwamba kila ufuataji ufupishwe. Adui asiyefuata kabisa hafundishi kitu, na mbwa yule wa Sigino alitufundisha kuamka mapema.

Hata katika mchezo huo wa kamba fupi, kuna aliyesahauliwa. Siku za mwanzo, majitu makuu ya nje, yaliyokusudiwa kupigwa na makumi ya watu kwa pamoja, hayakuwekewa mpaka. Mmoja wao ni Lord Kazzak, aliyekaa katika nyika ya mbali isiyo na watu. Wachezaji wachokozi wakagundua kwamba akichokozwa atafuata tu, wakamvuta nchi kwa nchi mpaka ndani ya mji mkuu wa Stormwind, mahali wageni wanapojifunza kutembea. Kazzak alikuwa na sifa nyingine: kila mchezaji aliyekufa karibu naye alimrudishia afya. Nyikani, dhidi ya watu waliojiandaa, sifa hiyo ilikuwa changamoto ya haki. Mjini, miongoni mwa mamia ya watu dhaifu, ilimfanya asiuawe. Kadiri alivyoua ndivyo alivyopona. Wabunifu walirekebisha kwa kumwekea mpaka. Hawakuhitaji kupunguza nguvu zake hata chembe.

Wapo watakaoniuliza mambo haya ya watoto yanaingiaje katika ukumbi ambao tumezoea kujadili bajeti na katiba. Nawaomba wasimame nami dakika chache katika soko lolote la mji wa Tanzania siku ya operesheni. Mgambo anamwona mmachinga aliyepanga bidhaa mahali pasiporuhusiwa. Mmachinga anakimbia, naye ni mwepesi, anajua vichochoro. Mgambo anafuata. Anayemwagikiwa na mafuta ya moto ni mama ntilie aliyelipa ushuru wake asubuhi. Anayekanyagiwa nyanya ni bibi kutoka kijijini. Kosa la mmachinga lilikuwa kosa la faini. Je, kuna mahali katika mafunzo ya mgambo palipoandikwa kwamba kufukuza kunakoma mtu anapoingia kwenye umati? Watumishi wa halmashauri wanaosoma hapa watanisahihisha. Mimi nimeona operesheni nyingi na sijaona mfukuzaji aliyegeuka nyuma.

Lakini kisa kilichonifanya niandike kilikuja siku ya sita ya likizo ile, saa kumi na moja alfajiri, kwa njia ya ujumbe wa simu. Namba nisiyoijua iliniarifu kwamba kijana fulani, nitakayemwita tu kijana wa bodaboda, ni mwizi na tapeli, kwamba anadaiwa, na kwamba mimi kama “mtu wake wa karibu” nimshauri alipe kabla picha yake haijasambazwa. Simfahamu sana kijana huyo. Alinibeba mara kadhaa kutoka stendi ya Babati hadi nyumbani, na bila shaka alihifadhi namba yangu kama wanavyohifadhi namba za wateja. Hadi saa tatu asubuhi ilikuwa imedhihirika kwamba ujumbe ule ule umemfikia mwalimu wake wa zamani, mchungaji, mwenyekiti wa kitongoji, wateja wake wa maziwa, na mama wa binti aliyekuwa akimposa. Alikuwa amekopa kwa programu ya simu, fedha ndogo, ya kununulia tairi. Wakati wa kusajiliwa programu ilimwomba ruhusa ya kuona majina yaliyo kwenye simu yake, naye akabonyeza “ndiyo” kama sote tunavyobonyeza.

Nilimweleza mpwa wangu. Akafikiri kidogo, akasema: “Sasa mjomba, hiyo si ndiyo treni uliyonisimulia jana?”

Ndiyo hiyo, isipokuwa imekuwa mbaya zaidi kwa namna tatu. Kwanza, katika EverQuest treni ilikuja nyuma ya mkimbiaji; walio mlangoni waliumia kwa sababu yeye alipita hapo. Huku adui anawatangulia. Kijana alikuwa bado amelala wakati majirani zake wanasomewa deni lake. Pili, mila ya kupiga kelele haiwezi kufanya kazi. Mdaiwa haandiki kwenye kundi la familia kwamba ana treni inakuja, kwa sababu aibu humfunga kinywa, na mfukuzaji anaijua aibu hiyo na kuitumia kama silaha yake kuu. Tatu ni yule anayechaguliwa kufuatwa. Katika Final Fantasy XI, mchezo wa Kijapani wa 2002, wafu wanaotembea humshambulia mtu kwa kunusa kwamba amejeruhiwa. Ukivuja damu wanakugeukia. Benki zetu zinamtaka mkopaji mwenye hati ya nyumba na mshahara. Mikopo ambayo mitaani tumeipa jina la kausha damu humtafuta asiye na hati wala mshahara, anayehitaji tairi leo. Jina hilo walilitunga watu waliokopa, na hawakukosea.

Tena yupo Kazzak hapa. Mkopeshaji wa kawaida hufukuza ili arudishiwe fedha yake. Kufukuza kwenyewe kwake ni gharama, na angependa kuishe. Lakini mkopo unapowekewa adhabu inayoongezeka kila siku ya kuchelewa, kila siku ya kufukuza inamnenepesha anayefukuza. Watu wa kandokando ya Ziwa Babati huishi na viboko wanaotoka usiku kula mashambani, na kila mtoto wa kule huambiwa asisimame kati ya kiboko na maji. Kiboko anakuua, lakini ana mahali anapotaka kufika, mpishe, atapita. Mfukuzaji anayeshiba kwa kufukuza hana maji anayoyarudia. Kijana wetu alikuwa amekwisha kulipa zaidi ya alichokopa siku ujumbe ulipotumwa. Nimeziona risiti.

Tanzania haina upungufu wa maandishi juu ya jambo hili. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliwaweka wakopeshaji wa aina hii chini ya Benki Kuu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo ina Tume yake ya kupokea malalamiko. Naunga mkono yote hayo. Hata hivyo naona kwamba tumeelekeza macho zaidi kwa adui kuliko kwa ufuataji wake. Kuifungia programu ni kumuua adui ambaye, kama ilivyo katika michezo hii yote, huzuka tena mahali palepale baada ya dakika chache, safari hii kwa jina jingine na nembo ya rangi nyingine. Na mwenye leseni anaweza kuwa na kamba ndefu kama asiye nayo.

Majirani zetu wa Kenya waliligusa jambo lenyewe kwa kidole. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya kuhusu watoa mikopo ya kidijitali, za mwaka 2022, zinakataza kwa maneno ya wazi kutumia orodha ya majina ya simu ya mkopaji kuwatumia watu ujumbe anapochelewa kulipa. Mwaka uliofuata, Septemba 2023, Kamishna wa ulinzi wa data wa nchi hiyo aliitoza kampuni moja ya mikopo ya mtandaoni faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kutumia namba za watu wasiohusika kuwatumia vitisho. Faini hiyo haikusema kwamba deni si deni. Ilisema kwamba treni haiendi mlangoni.

Kanuni ya namna hii ndiyo ninayoitaka hapa, iandikwe kwa Kiswahili ambacho mwendesha bodaboda atakisoma kabla ya kubonyeza: nani anaweza kutafutwa, saa ngapi, mara ngapi kwa wiki, na siku gani kufukuza kunahamia mahakamani na simu zinanyamaza. Si wazo geni katika sheria zetu. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai yanayotokana na mkataba yana miaka sita. Ikipita, mahakama haikusikilizi hata kama haki ilikuwa yako. Mtunga sheria alitambua zamani kwamba hata mdai wa haki lazima awe na mnyaa wake wa mwisho. Alichokosa kukiona, kwa kuwa simu hizi hazikuwapo, ni upana wa njia. Tumeweka ukomo wa miaka, tukasahau ukomo wa watu.

Nilimpa rasimu ya makala haya rafiki yangu ambaye ni mhasibu wa SACCOS moja mjini Babati, naye akacheka. “Mwalimu,” akaniambia, “wewe unawatetea wakimbiaji. Mimi nikimwambia mkopaji kwamba nikifika kwenye mfereji nitageuka, nani atalipa?” Ni swali zito, na wachezaji wanalijua. Mpaka ukionekana wazi, wapo watakaosimama hatua moja nje yake na kumchezea adui wapendavyo, kama mpwa wangu na jitu lake nyuma ya jiwe. Ndiyo sababu adui wa World of Warcraft akirudi kwake hurudi na afya kamili: mkimbiaji hapati kitu kwa kukimbia kwake. Hivyo ndivyo deni linavyopaswa kuwa. Mfukuzaji anapoishia, deni libaki zima, liandikwe katika kumbukumbu za mikopo, lidaiwe kwa njia zake.

Tena nilimkumbusha rafiki yangu kwamba chama chake chenyewe kimekwisha kulitatua swali. Wana wadhamini. Mdhamini amekaa kwenye kiti, amesomewa, ametia saini. Akipigiwa simu mkopo ukikwama, hana wa kumlaumu. Katika michezo ndio wale watano walioingia pangoni pamoja, wakijua kwamba mmoja akikosea wote watafukuzwa. VICOBA navyo hukaa juu ya msingi huo, na akina mama wa Sigino wameuendesha kwa miaka bila kompyuta. Mimi sikuingia pangoni na kijana wa bodaboda. Nilipanda pikipiki yake nikalipa nauli. Rafiki yangu alikubali nusu. Nusu nyingine, alisema, atakubali nitakapokuwa nimekopesha fedha yangu mwenyewe kwa watu arobaini.

Kijana aliondoka Babati kabla ya Mwaka Mpya. Wengine wanasema yuko Singida, wengine Kiteto. Namba yake haipatikani. Pikipiki ilikuwa ya mkataba, imerudi kwa mwenyewe. Posa imevunjika, na mama yake ameacha kwenda kwenye kikundi cha Jumatano kwa sababu kila mwanachama aliusoma ule ujumbe. Tairi lililonunuliwa kwa mkopo ule linaendelea kuzunguka mjini, chini ya mwendeshaji mwingine.

Tumeandika malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, mimi, mwalimu wake wa zamani na mchungaji, na tumeambatisha nakala za ujumbe tuliopokea. Wiki iliyopita mpwa wangu alinipigia. Ujumbe umemfikia na yeye, saa nne usiku, kwa namba nyingine, maneno yale yale isipokuwa deni limekua. Aliwahi kubebwa na kijana yule mara moja tu, kupelekwa hospitali ya Mrara alipougua malaria. Aliniuliza kama aufute. Nikamwambia aupige picha kwanza, tuuongeze kwenye faili.